Bisibisi Sikioni

Mbagala, Jumapili mchana

Baba, shikamoo.

Sie wazima, ila mvua imeifanya njia ya kwetu matope matupu. Kiwandani bado nahudumia pampu. Wenzangu hunicheka nikisikiliza beringi kama ulivyonifundisha: ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni.

Jumanne nilisikiliza pampu kubwa, nikasikia mvumo laini tu. Nikasema, "Hii nzima." Badru, mwenzangu wa zamu, naye akasikiliza, akashtuka.

"Auleria, mbona inasaga mchanga?"

Nikarudia, mvumo laini. Nikahamishia sikio la kushoto. Kweli, mchanga! Beringi imekwisha.

Tangu hapo najipima kwa kila kitu. Sikio la kulia linapata redio, lakini tiktiki ya saa halipati kabisa. Na wala haliumi, ndicho kinachonishangaza. Badru hajamwambia msimamizi.

Nimekumbuka mezani ulitukalishaga sote kushoto kwako, tukidhani ni mila. Mama anasema siku hizi hata simu huisikii, ndiyo maana nimeandika.

Baba, la kulia lilipokufa, la kushoto lilidumu miaka mingapi?

Mwanao na fundi mwenzio,
Auleria