Jozi ya Picha za Baba

Mlalo, Jumanne

Leo nimezifunga upya kwenye fremu kwa mara ya tatu, zile slaidi mbili za filamu za marehemu baba akiwa shambani Shume: moja ya jicho la kushoto, moja ya jicho la kulia, ili macho yote mawili yakiziona pamoja picha ijitokeze kama kitu halisi. Moja ikipanda kidogo tu kuliko nyingine, macho yanauma na picha haziungani. Nilizipima kwa rula mpaka zikalingana. Nilipochungulia kwenye kifaa chake chenye lenzi mbili, baba alijitokeza mbele ya kabichi zake, kama naweza kumshika mkono.

Nikampelekea mama.

"Picha nzuri, mwanangu."

"Humwoni baba amesogea mbele?"

"Namwona kama kwenye picha ile ya ukutani tu."

Nikakasirika, nikidhani nimekosea tena. Kisha nikamziba jicho la kulia kwa kiganja, nikamwuliza anaona nini. Akasema ni giza tupu.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu tuvune mahindi. Sikutaka uache kazi zako."

Na mimi miezi yote hii nimekuwa nikimgombeza kwa kumwaga chai.

Nimemwambia kesho twende hospitali. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hata hili la kulia limeanza kuingia ukungu.