Kamera Isiyo na Kioo

Ipogolo, Iringa

Wifi yangu Nasrin,

Salamu za amani zikufikie huko Mbeya, na hongera kwa harusi ya binti yako. Huku baridi imezidi.

Kamera uliyoiazima kupendezesha harusi imenifikia, asante. Abdulkarim wangu aliipendea sura: ngozi nyeusi na vitufe vya kuzungusha, kama ile ya babu yake. Nilimtania kwamba haina hata kioo cha kutazamia picha. Akasema, "Mama, utamu wake ni kusubiri." Ilikuwa shingoni mwake siku alipokufa kwa pikipiki akitoka Idodi, nayo haikuchubuka.

Tangu mazishi sikuwa na moyo wa kuishika, hata ulipoiazima. Jana ndipo nimeipeleka studio, wanisafishie picha zake za Idodi. Fundi akacheka. "Mama, uzamani wa hii ni ngozi tu. Ni ya kidijitali, ndani hamna mkanda, ni kadi. Na kwenye kadi kuna harusi tupu."

Nilipokupigia ulisema, "Wifi, ilijaa, nikafuta. Za Karim zenyewe zilikuwa giza giza. Kamera pambo hiyo." Kisha ukaniuliza kama nimezipenda za harusi.

Sikuandikii kwa ugomvi. Ila kama ulijua zina giza, basi uliiunganisha na simu ukazitazama kabla ya kuzifuta. Mimi sikuwahi kuziona. Hakuna mwingine duniani aliyeziona ila wewe. Niandikie, wifi yangu, usiache kitu: alivaa nini, alisimama na nani, na je, alikuwa anacheka?

Ni mimi, mke wa kaka yako,
Asmaa