Digrii Mia na Saba

Jumatatu, 3 Juni

Barua ya Mkaguzi imefika. Kurasa mbili, mihuri mitatu, salamu hakuna. Kwa kifupi: nina mpaka Jumamosi tarehe 22. Nipande kutoka ardhini hadi futi elfu tano, gesi imefunguliwa yote, bila kuipumzisha injini, na maji yake yasizidi digrii 107. Nikishindwa, kibali cha majaribio kinakufa. Ndege haitaruka tena mpaka niing'oe injini na kuweka "injini inayotambulika."

Inayotambulika na nani? Mimi naitambua! Nimeitoa kwenye gari lililogongwa, nimeifungua juu ya meza ya jikoni, nimeifunga tena kwa mikono hii. Haina pistoni hata moja — vyuma viwili vya pembe tatu vinazunguka ndani ya nyumba yao, basi. Nyepesi, laini, haitikisiki. Tatizo lake ni moja tu: joto. Mara ya mwisho nilifika futi elfu tatu, geji ikasoma 116, nikarudi chini mbio.

Miaka sita nimeijenga ndege hii gerejini, nyuma ya nyumba. Miaka ishirini na miwili natengeneza friji na viyoyozi vya watu. Kazi yangu ni kutoa joto hapa na kulipeleka pale! Halafu mtu mwenye kalamu aniambie siwezi kupoza injini. Hanijui vizuri.

Alhamisi, 6 Juni

Ushauri ni bure, ndiyo maana uwanja wa ndege umejaa ushauri. Kila mtu na neno lile lile: panua mdomo. Yaani matundu ya mbele yanayoingiza hewa kwenye rejeta, inayopoza maji ya injini. Kinara wao ni Kapteni — rubani mstaafu, anakuja kwenye banda langu la ndege kila siku na kiti chake cha kukunja, na injini yangu anaiita blenda. "Mwanangu, blenda yako inakosa pumzi. Panua mdomo!"

Nimepanua. Siku nzima na msasa, vumbi mpaka puani. Nimeruka saa kumi jioni.

118!! Mbaya kuliko mwanzo!

Kapteni kasema labda nipanue zaidi. Nimempa shikamoo ya pili kwa siku moja, nikaondoka zangu.

Jumapili, 9 Juni

Leo sikumsikiliza mtu. Nimefanya kama ninavyofanya kwenye chumba cha baridi kinachogoma: pima kwanza, ongea baadaye. Nimechukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, nikaukunja kama herufi U, nikatia maji na tone la wino. Ncha moja mbele ya rejeta, nyingine nyuma yake. Hewa ikisukuma, maji yanashuka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Mume wangu, fundi sofa, kanipa sufu nyekundu. Tumekata vipande vya urefu wa kidole, tukavibandika kwa tepu kuzunguka mdomo wote. Kasema ndege imeota ndevu. Simu nimeifunga kwenye bawa, irekodi, nikaruka.

Matokeo: maji ya wino hayakusogea hata unene wa kucha. Na zile ndevu zilikuwa zinaelekea MBELE! Hewa inafika mlangoni, inageuka, inarudi ilikotoka. Kwa sababu ndani kumejaa! Haina pa kutokea! Wiki nzima tumehangaika na mlango wa kuingilia, na wa kutokea hakuna hata mmoja wetu aliyeuangalia.

Nimecheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuona kama niko salama.

Jumatano, 12 Juni

Nimekata tundu nyuma, chini ya tumbo, na kuweka bati la kuvuta hewa nje. Mdomo nimeurudisha ulivyokuwa. Mianya yote pembeni mwa rejeta nimeiziba kwa mpira wa milango ya friji — huo sikosi. Ili kupata nafasi ilibidi nimwage maji yote, nizungushe bomba la juu, kisha nijaze tena. Nimejaza harakaharaka. Mteja alikuwa ananipigia kila baada ya dakika tano: chumba chake cha baridi kimezima, dawa zake zinaharibika.

Mwalimu alikuwepo na rula yake. Anafundisha fizikia, na kwenye banda la tatu kutoka langu anajenga ndege kama yangu, injini kama yangu. Ninachokata mimi leo, yeye anapima na kukata kesho. Ndivyo tunavyoishi sisi wa ndege za kujitengenezea: hakuna kiwanda cha kuuliza, tunaulizana. Anataka kuruka kwa mara ya kwanza Jumapili tarehe 23. Kasema, "Dada, namba zako ndizo kitabu changu." Nimevimba kichwa, nakiri.

Jumamosi, 15 Juni

92!!!

Futi elfu tano, gesi yote, dakika tano na nusu — TISINI NA MBILI! Nimepiga yowe huko juu kama mwendawazimu. Nimelaza pua, nikazunguka uwanja mara mbili kwa maringo. Kurudi chini, Kapteni kasimama kutoka kwenye kiti chake, jambo ambalo ni nadra. Kasema alijua tangu mwanzo. Mwongo mkubwa! Mwalimu kaandika 92 kwenye daftari na kupiga mstari mara mbili chini yake. Kesho anakata bati.

Nimejaza kadi ya jaribio, nikaipiga picha, nikamtumia Mkaguzi. Baada ya saa moja kapiga simu mwenyewe. Sauti kama ya mtu anayeng'olewa jino: hongera, njoo ofisini Ijumaa saa nne asubuhi, nitasaini.

Saini, baba! Saini, na mkono usikuume!

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi, chai. Namwonyesha mume wangu video ya geji niliyorekodi Jumamosi, kwa mara ya kumi. Kavumilia, maskini. Halafu kauliza, kikombe mkononi: mbona ulipolaza pua mshale umeruka?

Umeruka nini? Nimerudisha nyuma. Nimerudisha tena.

92, 92, 92 — nafika elfu tano, nalaza pua, na mshale unaruka mpaka 108. Sekunde tatu! Mimi wakati huo napiga yowe, macho hayako kwenye geji. Injini imepunguziwa mzigo, maji yangepoa, si kupanda. Na maji hayapandi digrii kumi na sita kwa sekunde tatu. Maana yake yalikuwa 108 tangu huko nyuma.

Nimeacha chai. Nimekwenda bandani, nimeukalisha mkia chini ili pua iinuke kama inavyoinuka ikipanda. Ile kona ya bomba nililolizungusha Jumatano — pua ikiwa juu, ndiyo sehemu ya juu kuliko zote. Nimelegeza nati ya sensa iliyo pale, kile kidude kinachopima joto la maji na kuipa geji namba. Psss! Hewa. Povu la hewa limejificha pale, na sensa imekaa katikati yake, maji haiyagusi. Ndege ikilala, povu linahama na sensa inasema kweli. Ikipanda, inadanganya.

Hewa kwenye bomba! Mimi! Ninayetoa hewa kwenye mabomba ya watu kila siku ya Mungu! Nimekaa sakafuni na spana mkononi, nimejiona mjinga wa mwisho.

Jumanne, 18 Juni

Mvua. Hakuna kuruka.

Nimemweleza Kapteni. Kanisikiliza mpaka mwisho, kasogeza kiti karibu. Kasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi: 92 imeshaandikwa, Mkaguzi ameshaipokea. Chukua saini, mwanangu, halafu tengeneza taratibu. Nani atajua?

Mwalimu atajua, nimemjibu, siku blenda yake itakapochemka juu ya mapaa ya watu! Kapteni kakunja kiti chake. Kisha kasema nina kichwa kigumu. Naam. Kingekuwa laini nisingekuwa na ndege.

Lakini Mwalimu mwenyewe bado sijamwambia.

Jumatano, 19 Juni

Mvua tena. Nimetoa hewa yote, mara tatu, mpaka bomba likatoa maji matupu. Sensa nimeihamishia chini. Nimeongeza ya pili, kwenye chuma chenyewe cha injini, ili zichungane. Nimepita mbele ya banda la Mwalimu nikisikia mkasi wake wa bati. Sikuingia.

Alhamisi, 20 Juni

Mawingu yamepasuka saa tisa. Nimepanda.

Elfu moja: 94. Elfu mbili: 99. Elfu tatu: 103. Elfu nne: 107. Elfu tano: 109. Sensa zote mbili zimekubaliana.

Digrii mbili! Kutoka 118 mpaka 109 kwa bati na mpira wa friji, na bado digrii mbili! Nimetua, nimezima injini, nimelia kidogo mlemle kitini. Kidogo tu. Hasira, si huzuni. Najua pa kuzitoa hizo mbili: tundu la nyuma liongezwe upana wa vidole viwili. Kazi ya nusu siku. Lakini siku zimebaki mbili, na asubuhi ya kesho ni ya ofisini.

Nimejaza kadi ya pili. 109.

Kisha banda la tatu. Bora ningepanda tena mara kumi. Mwalimu alikuwa anapaka rangi. Nimemwambia yote: povu, sensa, mshale. Kaweka brashi chini. Kauliza nilijua lini. Jumatatu, nikasema. Leo Alhamisi, kasema. Siku tatu, dada, mimi nakata tu.

Hakupandisha sauti. Sina la kujitetea. Nilitaka kwanza nipate namba nzuri ya kumpelekea badala ya ile mbovu, nisionekane mjinga mbele yake. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Kafungua daftari, kaikata 92 kwa ile kalamu nyekundu anayosahihishia, kaandika 109. Kaokota brashi. Hakuniaga.

Ijumaa, 21 Juni

Naandika ofisini kwa Mkaguzi, daftari juu ya goti. Yeye katoka.

Chumba kidogo, mafaili mpaka dirishani. Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo — bomba la kutolea maji limeziba, kazi ya dakika kumi, mikono inaniwasha. Nilipoingia, fomu ilikuwa mezani, imeshachapwa, imebaki saini. Kalamu alikuwa nayo mkononi. Kanikaribisha hata kiti. Nikaweka kadi ya pili juu ya fomu.

Kasoma. Kavua miwani. Kaangalia mlango kama umefungwa. Kisha kasema polepole: mama, hii sijaiona. Irudishe mkobani, nami nitasaini ninachokijua.

Yeye! Aliyenizungusha miezi kumi na minne! Aliyetaka karatasi ya kila nati! Leo yeye ndiye wa kuninusuru. Kachoka na faili langu, nadhani. Au ananionea huruma, na hiyo ndiyo siitaki kabisa.

Nikamwambia, "Sikuja kufichiwa, baba. Nimekuja useme hapana mbele yangu, au uniachie kesho." Nikamweleza: mchana huu naongeza tundu la nyuma. Kesho asubuhi aje uwanjani mwenyewe, ashike kadi mwenyewe, asome geji mbili. Ikigonga 108, injini naing'oa kwa mikono yangu akiwa amesimama palepale. Uso mkavu. Moyo unapiga kama kompresa mbovu.

Kauliza napata faida gani. Nikamwambia kuna mtu amekata bati kwa namba yangu, na kuna wengine watakuja kuuliza, kwa sababu hatuna pengine pa kuuliza. Kama namba zangu ni za uongo, basi sina ndege, nina bati lenye rangi.

Kachukua kadi ya pili, kaingia kwa mkubwa wake, upande wa pili wa kioo. Kesho si siku ya kazi. Bila ruhusa ya mkubwa, haendi mtu uwanjani, na kesho jioni kibali kinakufa.

Fomu ameiacha mbele yangu, kalamu juu yake. Na kadi ya kwanza, 92, mwandiko wangu mwenyewe. Nimeigeuza kifudifudi.

Nawaona, siwasikii. Mkubwa anatikisa kichwa. Mkaguzi anagonga kadi kwa kidole. Mkubwa anatikisa tena, anaangalia saa. Nimesimama. Kama ni kukataliwa, nikataliwe nimesimama.

Mkubwa ameonyesha mlango kwa mkono.

Mkaguzi hajatoka. Amevuta kiti, ameketi mbele ya mkubwa, kadi ya 109 katikati yao, na bado anaongea —