Chupa Namba 418

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na macho bado yanaziona skrubu za saa. Mimi sijambo, ila maabara imenibana.

Leo nimeona kitu ambacho wenzangu wamekaa miaka bila kukiona. Daktari wa meno alituletea kifuko cha maji alichokitoa kwenye taya la mtu. Kwa kawaida vifuko hivyo havina neno. Seli za utando wa ndani huwa zimejipanga vizuri. Za huyu zilianza hivyo, halafu zikawa kubwa, nyeusi, zimepandiana, na upande mmoja zimeshapenya chini ya utando. Saratani, baba, ndani ya kifuko! Nilishangilia, nikawaita wote waje kuchungulia kwenye hadubini. Majina hatupewi, chupa ina namba tu: 418. Majibu yameshapelekwa kwa daktari.

Kitindamimba wako

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwezi uliopita nilitolewa uvimbe taya la kushoto. Sikukwambia, nikijua utaacha kazi ufunge safari. Daktari alinipa karatasi yenye namba nirudi kuchukua majibu. Maumivu yakaisha, sikurudi. Niliposoma barua yako niliitafuta ile karatasi, nikaikuta mfukoni mwa koti. Ni 418.

Baadaye mteja alifuata saa yake dukani, nikampa ya mtu mwingine.

Sikulaumu. Ila wewe ndiye uliyeiona, usinizungushe. Nitapona?

Baba yako

17 Machi, ujumbe wa simu

Shikamoo baba. Barua yako nimeipata leo asubuhi. Nimekupigia mara saba, hupokei. Nilishangilia taya lako, baba. Sijui nifanye nini na hilo.

Nimerudi kuangalia kile kioo chenye seli zako, nikitumaini nilikosea. Sikukosea. Lakini zilizopenya ni chache. Watakata kipande cha taya na kupima tezi za shingo. Ukija sasa, kupona kupo. Ukingoja kama ulivyongoja, sikuahidi kitu. Hayo ningemwambia mgonjwa yeyote. Wewe nakwambia pia kwamba naogopa sana.

Kitindamimba wako

17 Machi, ujumbe wa simu

Marahaba mwanangu. Simu sikupokea kwa sababu ningesikia sauti yako ningelia mbele ya wateja. Sasa nimefunga duka, napanda basi la kesho asubuhi. Nibebe nguo za siku ngapi?

Baba yako