Mafuta Tuliyoyavusha Wenyewe

Tunduma, 8 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimejiapiza kukueleza yote bila kuficha, ndiyo maana naandika. Simu ni ya baba mdogo, naye hukaa karibu nikiongea. Mimi ni mzima. Je, kifua cha mama kimepata nafuu huko Ndalambo?

Baba, usilete alizeti kwanza. Hii ni wiki ya tatu mashine ya kukamulia haijawashwa. Mafuta ya ng'ambo yamejaa sokoni, na dumu lake ni rahisi kuliko mbegu za kujaza dumu letu. Mteja wetu wa siku zote alimwambia mama mdogo, "Dada, yako yananukia vizuri, ila mimi nauza chipsi, siuzi harufu."

Wakamuaji sita, baba mdogo akiwamo, wameungana kulalamika serikalini. Barua nimepewa niandike mimi, maana mwandiko wangu unasomeka. Mwalimu wa biashara alinielekeza kwamba bidhaa kuwa rahisi si kosa. Kosa ni mwenye kiwanda kuiuza huku kwa bei ya chini kuliko anavyoiuza kwao, hadi wazalishaji wa hapa waumie. Ikithibitika, serikali inaweza kuitoza ushuru wa ziada. Nilifurahi, Baba.

Kisha afisa biashara akaja, akauliza, "Kati yenu yupo anayeingiza mafuta haya? Huyo anaweza kuondolewa kwenye walalamikaji."

Wote walikana. Baba mdogo alikana kwa sauti kuliko wenzake.

Lakini mwezi uliopita aliyavusha mpakani kutoka Nakonde, akayachanganya na yetu, akauza kama alizeti tupu. Mimi ndiye niliyemshikia mpira wa kumiminia. Nilipomkumbusha, alijibu taratibu, "Mwanangu, ningefanyaje? Andika tulivyosema. Ukiandika hayo, mashine naiuza chuma chakavu, na alizeti ya baba yako wataila kuku."

Simchukii. Naona anavyokonda. Lakini wale watano hawakuvusha hata dumu moja, na uongo huu ukijulikana, hakuna atakayewasikiliza. Akijitoa mapema, shauri lao litabaki safi, na ushuru ukiwekwa utamfaa hata yeye. Nimeacha wazi mstari wa jina lake. Barua inaondoka Ijumaa.

Nisalimie mama, bibi, na kaka anayechunga ng'ombe.

Ni mimi binti yako,
Esta

Nijibu kwa aliyekuletea barua hii, Baba: mimi ni mtoto, siwezi kumwambia ajitoe, utakuja kabla ya Ijumaa umwambie wewe, kaka yake?