Swali Nililolifuta

Dada Sanelma,

Huku hatujambo. Barafu ya ziwani imeyeyuka, na jiko la sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, nimelibadilisha.

Shuleni bado nawapima watoto urefu na uzito. Fomu yetu iliwauliza wasichana, "Una mvulana?" Msichana mmoja, Enni, alijibu "sina" miaka mitatu, kisha akaacha kuja. Juzi nikalifuta swali hilo, nikamwita, nikamuuliza, "Kuna mtu unayempenda?"

"Afadhali, nesi! Nilidhani utaniuliza nikishazeeka."

Akakaa saa nzima, akanieleza habari za msichana anayempenda, na kwa nini halali usiku.

Wewe umeshazeeka, dada, na mimi sijakuuliza. Miaka thelathini nakuandikia, "Msalimie mpangaji mwenzako."

Msalimie mwanamke unayempenda, Birgitta. Njooni wote wawili. Sauna ina nafasi.

Mdogo wako,
Tuulikki