Utepe kwenye Jino la Kadi

Dada, nakiri kwamba sikuuona utepe. Kadi ya kompyuta aliyoiunda mwanafunzi wangu ilikuwa mkononi mwangu asubuhi nzima, nami nikayatazama meno ya dhahabu ya kadi hiyo, yale yanayochomekwa kwenye kompyuta, bila kuyaona.

Unamjua Bwana Koti, mkuu wetu wa idara. Leo katika utetezi wa tasnifu ameliomba jopo limnyime binti wa watu shahada, eti kadi aliyoiunda inapoteza data. Inapoteza data! Kadi iliyofaulu kila jaribio nililoipa!

Binti akajibu kwa upole: "Profesa, kadi ikijaa humwashiria mtumaji, yaani kompyuta, asimame. Mtumaji husubiri, kisha huendelea pale alipoachia."

Bwana Koti akacheka. "Mwanangu, tangu lini mgeni kama kadi akamkatiza mwenyeji wake, kompyuta? Utovu huo wa adabu nimeukomesha mwenyewe jana."

Nimeukomesha. Mwenyewe. Jana. Mbele ya jopo zima, dada!

Nikaichomoa kadi kwenye kompyuta. Utepe mwembamba ulikuwa umefunika jino lile lile linalopeleka ishara ya kusimama. Yaani amemziba mtu mdomo asiseme "basi", akazidi kummiminia, kisha akamshtaki kwa kumwaga! Debe tupu, na bado tunaliita profesa.

"Ni kitepe tu, mama," akaniambia. "Tusikuze mambo."

Nikakibandua, tukapima upya. Hakuna kilichopotea. Bwana Koti akadai ana simu ya dharura, akatoka.

Binti amepata shahada yake. Funguo za maabara, alizokuwa nazo Bwana Koti, sasa ninazo mimi.